Jinsi ya kupata mizani ya kilo Marekani: mwongozo kamili wa nyumbani

Binti yangu alipofikisha miezi minne, mama mkwe alinipigia simu kutoka Tanga. Baada ya salamu akauliza lile swali la kila bibi: "Mjukuu wangu ana kilo ngapi sasa?" Nikachukua karatasi ya kliniki nikamsomea: kumi na tano. "Kilo kumi na tano!" akashtuka. Nikamwambia hapana mama, ni ratili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Niambie kwa kilo, mwanangu. Mambo ya ratili tuliyaacha zamani." Nikaanza kugawanya kichwani, simu sikioni na mtoto begani, nikampa jibu lililopungua karibu kilo nzima. Mama wa watu akalala na wasiwasi kwamba mjukuu amekonda.

Mtoto alikuwa na kilo 6.8, hakuwa na shida yoyote. Lakini tangu siku hiyo hakuna mizani nyumbani kwangu hapa Minneapolis inayosoma ratili, na nimeshawasaidia ndugu na majirani wengi kufanya hivyo hivyo. Jambo la kwanza ninalowaambia wote ni hili: usiagize mizani kutoka nyumbani. Mizani za kilo zimejaa Marekani. Sehemu kubwa ya mizani za dijitali zinazouzwa hapa zinajua kilo tangu zinatoka kiwandani, ila zimewekwa kwenye ratili na swichi ya kubadilisha imefichwa mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kwanza maneno, tusipoteane. Ratili ndiyo wanayoandika "lb", na wengi wetu hapa tunaiita paundi. Wakia ndiyo "oz". Ratili moja ina wakia 16. Wakia moja ni gramu 28.35, na ratili moja ni gramu 453.6.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kilo si mgeni Marekani. Sheria iliruhusu vipimo vya metriki tangu mwaka 1866. Mwaka 1893 serikali yao iliamua kwamba ratili yenyewe itapimwa kutokana na kilo, na tangu 1959 ratili ni kilo 0.45359237 kamili. Yaani ukienda chini kabisa, hata ratili ya Mmarekani imesimama juu ya kilo. Mwaka 1975 walitunga sheria ya kuhamia metriki lakini wakaifanya ya hiari, na kwa hiari watu wakabaki walipokuwa. Ndiyo maana pakiti ya unga dukani inaandika vyote viwili, soda inauzwa kwa chupa ya lita mbili, lakini muuza nyama anakuuliza unataka ratili ngapi.

Hatua ya kwanza: geuza mizani uliyo nayo

Kabla hujatoa hela yoyote, nenda bafuni uchukue mizani uliyoikuta kwenye nyumba au uliyopewa na mtu. Igeuze kifudifudi juu ya taulo ili kioo kisikwaruzike. Tafuta mfuniko wa betri. Kando yake, au ndani yake chini ya betri zenyewe, mara nyingi kuna kitufe kidogo cheusi au cheupe, kidogo kama punje ya mchele, au swichi ya kusukuma upande. Karibu nacho pameandikwa "lb/kg", na zile zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza pia huwa na "st", kipimo chao cha ratili 14.

Usikibonyeze kwa ukucha, utachoka bure. Chukua ncha ya kalamu. Kisha kuna jambo linalowaangusha wengi: kwenye mizani nyingi kitufe hicho hakifanyi kazi mpaka kioo kiwe kinawaka. Igonge mizani kwa kidole cha mguu au uikandamize kwa mkono, kioo kikiwaka igeuze haraka, bonyeza, irudishe. Ukiona "kg" kwenye kona ya kioo, umemaliza. Jirani yangu mmoja alikuwa ameishi na mizani yake miaka sita. Tuliigeuza pamoja kwenye zulia la sebuleni, tukafuta vumbi, kitufe kikawa pale pale.

Kama ni mizani inayounganishwa na simu, mara nyingi utahangaika bure kutafuta kitufe, maana kipimo hubadilishwa ndani ya programu. Fungua mipangilio ya programu, tafuta neno "units", chagua kilo, halafu panda mizani huku simu ikiwa karibu ili zizungumze. Nyingine huendelea kuonyesha ratili mpaka zikutane na simu mara moja. Kwenye iPhone kuna pia sehemu ya lugha na eneo ambapo unaweza kuchagua mfumo wa vipimo wa metriki kwa simu nzima, na programu nyingi hufuata hapo.

Mizani ya jikoni ni rahisi zaidi. Ina kitufe cha juu kilichoandikwa "UNIT" au "g/oz". Bonyeza mara moja moja mpaka utokee "g". Kama kuna kitufe kimoja tu cha kuwashia, kibonyeze na kukishikilia sekunde chache.

Ile ya zamani ya mshale je? Tazama duara lake kwa makini. Nyingi zina mistari miwili ya namba, ya ratili kwa wino mweusi nje na ya kilo kwa wino mwekundu au mdogo ndani. Kama ni ratili peke yake, basi hiyo haibadiliki.

Hatua ya pili: jua unapima nini

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Hakuna mizani moja ya kila kitu. Angalia alama mbili kwenye boksi au mgongoni: "Max", yaani uzito wa juu inaoweza kubeba, na "d", yaani hatua ndogo kabisa inayoweza kuonyesha.

Ya jikoni inatosha ikiwa Max ni kilo 5 na d ni gramu 1. Ukipika kwa oda, tafuta ya kilo 8 au 10, kwa sababu sufuria lenyewe tu linaweza kula kilo mbili kabla hujaweka kitu. Ya bafuni iwe na hatua ya gramu 100. Ya mizigo iwe ya kuning'iniza, ibebe kilo 50.

Ya mtoto mchanga ni habari nyingine. Watu wengi hupanda mizani ya bafuni wakiwa wamembeba mtoto, wanashuka, wanapanda peke yao, wanatoa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja inafaa. Kwa mchanga wa wiki mbili haifai, kwa sababu unatafuta ongezeko la gramu mia moja na kitu kwa wiki, na mizani yako inarukia gramu mia kwa mkupuo. Mizani ya watoto hubeba hadi kilo 20 na kuonyesha gramu 5 au 10. Kabla hujanunua, kumbuka kwamba kliniki ya mtoto itampima, na ofisi za WIC, mpango wa serikali wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo, pia huwapima watoto wanaohudumiwa. Waombe wakuandikie kilo.

Zipo pia mizani ndogo za mfukoni zenye hatua ya gramu 0.01, nzuri kwa hamira, zafarani au dhahabu. Uwe macho na vitufe vyake. Kioo kikionyesha "gn" hiyo si gramu, ni kipimo kidogo mno cha kama gramu 0.065. "ct" ni karati, gramu 0.2. "ozt" ni wakia ya wapima dhahabu, gramu 31.1, kubwa kuliko wakia ya jikoni. Unachotaka ni "g" peke yake.

Hatua ya tatu: dukani, soma boksi

Maduka makubwa kama Walmart na Target huweka mizani za jikoni karibu na vyombo vya kuokea, na za mwili upande wa bafu au afya. Maduka ya vifaa vya mikahawa nayo ni hazina kwa mama ntilie yeyote aliyehamia huku, kwa sababu huko utapata mizani imara za chuma.

Maandishi makubwa mbele ya boksi yatakuambia "11 lb". Usikate tamaa. Hiyo 11 si namba ya bahati mbaya, ni kilo 5 iliyogeuzwa. Vivyo hivyo 22 ni kilo 10, 44 ni kilo 20, 110 ni kilo 50 na 330 ni kilo 150. Ukiziona namba hizi, ujue kiwandani waliifikiria kwa kilo. Geuza boksi utafute orodha ya vipimo. Ukiona "g" au "kg" ndani ya orodha hiyo, chukua. Usipoona popote, na picha ya kioo inaonyesha "lb" tu, rudisha rafuni, kwa sababu mizani za ratili peke yake zipo, hasa zile za bei ya chini kabisa.

Maduka ya mitumba kama Goodwill nayo usiyapuuze. Mimi huenda na betri mbili nyembamba za AAA na ile ya duara, CR2032, kwenye pochi, pamoja na sarafu kumi za senti tano. Naweka betri pale pale, nabonyeza kitufe, napima sarafu. Hatua ya tano itakuonyesha kwa nini sarafu.

Hatua ya nne: ukinunua mtandaoni

Niliwahi kuagiza mizani ya jikoni ambayo muuzaji aliandika kwamba inasoma gramu. Ilipofika, ilikuwa na ratili na wakia, basi. Kosa langu lilikuwa kuamini kichwa cha habari. Sasa natazama mambo matatu: picha ya kioo kikiwa kinawaka, picha ya upande wa chini, na maswali ya wanunuzi waliotangulia. Andika "kg" kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya maoni, utaona kama kuna aliyelalamika.

Jihadhari pia na mizani zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China. Zinaweza kuwa na kipimo kinachoandikwa 斤, ambacho ni gramu 500. Ukipanda ukaona namba imekuwa mara mbili ya kilo zako, usishtuke, bonyeza kitufe tena mpaka uone "kg".

Na kwa anayetaka kubeba mizani kutoka Dar: betri ni zile zile na umeme hauhusiki, kwa hiyo itafanya kazi. Ila kuna jambo dogo la ajabu. Mvutano wa dunia karibu na ikweta ni hafifu kidogo kuliko huku kaskazini. Mizani ya dijitali iliyorekebishwa Dar itamwonyesha mtu wa kilo 70 kana kwamba ameongezeka takribani gramu 180 akishuka Minneapolis. Si mizani mbovu, na kwa mapishi haina athari, lakini kwa anayefuatilia uzito wake ni vizuri ajue.

Hatua ya tano: ihakikishe kabla ya kuiamini

Hii usiiruke. Mizani kuandika "kg" si sawa na kusema kweli, na huna haja ya kununua mawe ya kupimia.

Sarafu ya Marekani ya senti tano ina gramu 5 kamili. Kumi ni gramu 50. Nenda benki uombe kifungu cha sarafu hizo, dola mbili tu: ndani mna sarafu 40, na ukizitoa kwenye karatasi yake ni gramu 200. Weka mizani juu ya meza ngumu, isubiri isome sifuri, weka sarafu katikati. Ikisoma 199 hadi 201, ni ya kuaminika. Kisha zisogeze pembeni, kona moja baada ya nyingine. Namba ikibadilika sana ukihama kona, mizani hiyo haikai sawa. Ukipenda kuona jambo zuri, sarafu 80 za senti ishirini na tano, yaani dola 20, zina gramu 453.6, ratili moja barabara.

Kwa uzito mkubwa tumia maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, ukiondoa tofauti ndogo ya joto. Weka chombo kitupu, bonyeza "TARE" ili mizani irudi sifuri, mimina lita moja, soma.

Mizani ya bafuni iweke juu ya sakafu ngumu. Zulia huidanganya. Panda, soma, shuka. Halafu shika galoni mbili za maji za dukani (galoni ya Marekani ni kama lita 3.8) ambazo hazijafunguliwa, upande tena. Namba inatakiwa kuongezeka kilo 7.6 hadi 7.7 pamoja na plastiki yake. Zipo mizani zenye kumbukumbu ambazo hurudia namba ile ile ukipanda mara mbili mfululizo, ili uone kwamba zina msimamo. Galoni zile zitaizindua.

Jikoni: kilo inavyorudi kwenye mapishi

Mama yangu hupika maandazi kwa kusema "unga kilo moja, sukari robo", na mkono wake haukosei. Hapa mapishi yote ni vikombe, na kikombe cha Marekani, mililita 237, kikijazwa unga kwa kuchota kinaweza kutofautiana sana na kile kilichojazwa kwa kijiko polepole. Nilipata gramu 118 mara moja na gramu 150 mara nyingine, kikombe kile kile, unga ule ule. Maandazi ya kwanza yalikuwa mawe. Nilipoanza kupima gramu elfu moja kwenye bakuli, na robo ya sukari kwa gramu 250, yalirudi yale ya nyumbani, yamevimba na kupasuka pembeni.

Weka bakuli, bonyeza "TARE", mimina unga, bonyeza tena, mimina sukari. Ukikawia, mizani nyingi hujizima baada ya dakika moja au mbili na hesabu inapotea, kwa hiyo andaa vitu vyote mezani kwanza. Na usitumie alama ya "ml" kwa mafuta, maana mizani hudhani kila kitu ni maji. Mililita 100 za mafuta ya kupikia zina uzito wa kama gramu 92 tu.

Kwenye nyama, kibandiko cha bei huandika ratili peke yake, kwa sababu bidhaa zinazopimwa moja moja hazilazimiki kuonyesha kilo. Ukiona "1.87 lb", hiyo ni desimali, si ratili moja na wakia 87. Ni gramu 848. Kupata bei ya kilo, zidisha bei ya ratili kwa 2.2: nyama ya dola 5.99 kwa ratili ni kama dola 13.20 kwa kilo.

Ukibanwa na ratili bila mizani ya kilo

Gawa kwa mbili, halafu punguza sehemu ya kumi ya ulichopata. Ratili 160: nusu yake 80, toa 8, unapata kilo 72. Jibu kamili ni 72.6, kwa hiyo kwa mazungumzo inatosha. Kurudi kwenye ratili, zidisha kwa mbili, ongeza sehemu ya kumi.

Kwa mtoto, hesabu ya kichwa haitoshi. Ratili 7 na wakia 5 ni kilo 3.32, lakini ratili 7.5 ni kilo 3.40, na nimeona watu wazima wenye akili zao wakichanganya hizo mbili. Dozi za dawa za watoto hupangwa kwa kilo. Mtu akiandika ratili mahali pa kilo, mtoto anahesabiwa dawa zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu wataalamu wa usalama wa dawa hapa Marekani wanazishauri hospitali zipime wagonjwa kwa kilo tu. Nesi akishampima mwanao, mwombe, "Tafadhali, naomba na kilo." Mizani nyingi za kliniki zina kitufe hicho, na kwenye rekodi zao kilo mara nyingi ipo tayari. Andika namba hiyo pamoja na tarehe, na ukimpigia mfamasia mpe kilo, tena litaje neno "kilo".

Mizigo ya kwenda nyumbani

Uwanja wa ndege wa hapa unaonyesha ratili, wa Dar unaonyesha kilo, na begi ni lile lile. Kikomo cha kawaida cha begi kwenye safari ndefu huandikwa kilo 23 au ratili 50. Hizo mbili hazilingani kabisa: kilo 23 ni ratili 50.7, na ratili 50 ni kilo 22.7. Ukipakia mpaka 23 ya mizani yako, mhudumu anayesoma ratili anaweza kukuambia umezidi. Mimi hukomea kilo 22.5. Begi la ratili 70 ni kilo 32 kasoro kidogo, kwa hiyo hilo likomee 31.5.

Mizani ya mkononi ina ndoano au mkanda, na kitufe cha kipimo. Bonyeza mpaka "kg", pitisha mkanda kwenye mpini, simama wima, inua kwa mikono miwili taratibu mpaka begi liache sakafu. Usilitikise. Namba itacheza kisha itaganda au italia. Rudia mara tatu, shika ile kubwa. Huna mizani hiyo? Panda ya bafuni na begi, kisha bila begi, utoe, ukiacha nusu kilo ya tahadhari.

Kabla ya kufunga zipu kagua kona ya kioo mara nyingine, maana nyingine hurudi kwenye ratili kila unapobadilisha betri. Ukiona 50 kwenye begi uliloweza kuliinua mwenyewe bila kuhema, ujue imerudi, bonyeza tena.